Bega la Mzee wa Mfongo

Jumapili ile, baada ya ibada, mnada ulikuwa umechangamka nje ya kanisa kama ilivyo kawaida huko Machame. Kulikuwa na mayai kwenye kikapu, jogoo aliyefungwa miguu, parachichi, na mkungu mmoja wa ndizi mshare ulionona mpaka watu waliokwisha kushika njia ya nyumbani wakarudi. Ebenezeri aliutaka mkungu ule. Aliutaka kwa sababu ulikuwa mzuri, na pia kwa sababu shemeji yake Eliakim alikuwa anautazama.

"Nani anaongeza?" mzee wa kanisa akauliza.

Ebenezeri akanyanyua mkono wa kulia. Yaani alitaka kuunyanyua. Mkono ulifika usawa wa kifua, ukagoma hapo kama punda aliyeona daraja, na maumivu yakapita begani mpaka akauma meno. Upande wa pili Eliakim akanyoosha wake, mrefu kama mlingoti, na mkungu ukaenda.

"Shemeji," Eliakim akamwambia walipokutana kwenye ngazi, akigeuka mwili mzima kama mtu aliyejitwika ndoo, "mimi nilidhani unajikuna kifua."

Watu wakacheka. Ebenezeri naye akacheka, maana utani wa shemeji haukasirikiwi. Lakini Eliakim hakuishia hapo.

"Zimebaki wiki tano tufungue mfongo. Mkono ulioshindwa mkungu utaliweza jembe? Usijali lakini. Nitakutunzia."

Hilo ndilo lililomwingia. Mfongo ni mfereji wa kienyeji, uliochimbwa na mababu kutoka mtoni kule juu karibu na msitu, unateremka ukizunguka mabonde na kugawa maji kihamba kwa kihamba, yaani kila nyumba na shamba lake la migomba. Kila Februari, kabla maji hayajaruhusiwa, nyumba zote zinazonywa mfongo huo hutoka kuusafisha. Na mfongo wao una mila yake. Mzee wa mfongo ndiye anayepiga jembe la kwanza kwenye banio, mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni, na jembe hilo lazima lipite juu ya kichwa. Asiyeweza kulipitisha anamkabidhi makamu wake, na akishamkabidhi jembe amemkabidhi na kiti. Ebenezeri alikuwa amelipitisha miaka kumi na tisa mfululizo. Makamu wake alikuwa nani? Eliakim.

Bega lilianza kumsumbua mwezi wa saba, ule msimu ambao ukungu unalala Machame mpaka mchana na kuku wenyewe wanasita kutoka. Mawe yalikuwa yameziba banio, naye akashinda siku tatu ndani ya maji ya baridi akiyaondoa. Tangu hapo bega likaanza kujifunga taratibu kama mlango wa mbao ulionyeshewa. Ilifika mahali mkewe, Kornelia, akawa anamvalisha koti na kumchana nywele, huku akiimba pambio kama anayeogesha mtoto. Hospitali walimpiga picha, wakamwambia mfupa ni mzima ila bega limekakamaa, wakampa vidonge na mazoezi ya kila siku. Vidonge alivimeza. Mazoezi aliyafanya siku mbili. Siku ya tatu akaona mtu mzima kutambaza vidole ukutani kama mjusi ni aibu.

"Pamela wa kwaya," Kornelia alisema jioni ya siku ile ya mnada, akimenya ndizi, "goti lake lilitibiwa na yule daktari wa Kichina pale mjini. Kwa sindano. Sasa hivi kwenye pambio anaruka kuliko wasichana."

"Sindano ya dawa gani?"

"Haina dawa. Sindano tupu."

"Sasa sindano tupu inatibu nini, Mama Gidioni?"

"Baba Gidioni, bega lako lina miezi sita. Hizo zisizo tupu zimekupeleka wapi?"

 Jumanne Ebenezeri akavaa koti lake la ibada, yaani akavalishwa, akaondoka. Kwanza alipitia Bomang'ombe kupeleka barua ya mkutano wa mfongo ofisini, na pale sokoni, kwa kuwa njaa ilikuwa imemshika na aliyekuwa anauza ni mama anayemfahamu, akanunua kitu cha kutafuna njiani. Kisha akapanda gari la Moshi.

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Harufu ilimpokea kabla ya mtu: tangawizi, majani makavu, na kitu kama gome la mti lililochemshwa. Ukuta mmoja ulikuwa na droo ndogo ndogo kuanzia chini mpaka juu. Ukuta mwingine ulikuwa na picha ya mtu asiye na nguo wala aibu, amechorwa mistari kutoka kichwani hadi vidole vya miguu, na kwenye mistari kuna nukta.

"Shikamoo baba, karibu," alisema dada mmoja aliyejifunga mtandio wa kijani. Huyo alikuwa Hajira, mzaliwa wa Moshi mjini, aliyesoma China miaka minne na sasa alikuwa mdomo na masikio ya daktari. Daktari mwenyewe aliitwa Lin, mwanamke mfupi wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba.

Daktari Lin hakuuliza chochote kwanza. Alimtazama Ebenezeri anavyoingia, anavyokaa, anavyovuta pumzi. Akasogea karibu kidogo kama anayemnusa.

"Usishtuke, baba," Hajira akasema. "Kwao kuna njia nne za kumjua mgonjwa. Kutazama, kusikiliza na kunusa, hizo mbili wanazihesabu moja. Halafu kuuliza, halafu kushika. Sasa toa ulimi."

Kutoa ulimi mbele ya wanawake wawili, kwa mzee wa Machame, si jambo dogo. Ebenezeri aliangalia mlango, akahakikisha hakuna anayemjua, akautoa.

Daktari Lin akainama. Akavaa miwani. Akachukua tochi. Akasema neno moja fupi, na Hajira naye akainama kutazama.

"Baba, kifua kinakuuma?"

"Hapana."

"Moyo huwa unakwenda mbio?"

"Haukuwa unakwenda mbio. Ndiyo umeanza sasa hivi."

Hajira na daktari wakazungumza kwa sauti ya chini. Kisha Hajira akasema taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo wenye mayai, "Daktari anasema ulimi ukianza kuwa na weusi, wao husema damu imetuama. Ila wa kwako... Hajawahi kuona weusi wa namna hii kwa mtu aliyepanda ngazi kwa miguu yake."

Ebenezeri akahisi jasho. Alimfikiria Kornelia. Alimfikiria ng'ombe wake aliyekuwa karibu kuzaa. Alimfikiria Eliakim akitoa neno la rambirambi, tena refu. Akaingiza mkono wa kushoto mfukoni, akatoa leso ajifute uso.

Leso ilikuwa na madoa meusi ya kizambarau, na ndani yake zilikuwamo mbegu sita.

Hajira aliitazama leso. Akamtazama mzee. "Baba, njiani umekula nini?"

"Zambarau tu. Pale Bomang'ombe."

"Nyingi?"

"Kikopo kimoja." Akafikiri. "Viwili."

Hajira alipomaliza kutafsiri, Daktari Lin alikaa chini kwenye kitanda cha wagonjwa, akavua miwani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akataka aonyeshwe tunda lenyewe. Akaonja moja lililobaki mfukoni mwa mzee, akakunja uso, akautoa ulimi wake mbele ya kioo, na hapo ndipo Ebenezeri naye alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu mnada. Wakampa maji asukutue. Lakini ulimi haukukubali kusafishika siku hiyo, ikabidi daktari ategemee mikono. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa Ebenezeri, kushoto kisha kulia, akafumba macho, akatulia muda mrefu kama mtu anayesikiliza maji yaliyo mbali.

Aliitazama pia picha ya hospitali. "Mfupa mzima, wamesema kweli," Hajira akatafsiri. "Anauliza yale mazoezi waliyokupa unayafanya?"

"Nayafanya."

Daktari Lin alimtazama tu.

"Niliyafanya," Ebenezeri akajirekebisha.

Kisha akalala kitandani, akajiandaa kuchomwa begani. Daktari Lin akampandisha suruali mpaka gotini, akampapasa mguuni, akachoma sindano nyembamba kama unywele katikati ya goti na kifundo cha mguu.

Ebenezeri akainuka kwa kiwiko. "Mwanangu, hebu mwambie daktari bega liko huku juu."

"Anajua, baba."

"Anajuaje na amechoma mguu? Mimi nimetoka Machame na bega, sikutoka na mguu."

"Anasema usogeze bega taratibu huku sindano ikiwa palepale." Hajira akavuta kiti, akaonyesha ile picha ya ukutani. "Sikia, baba. Wao wanaamini ndani ya mtu kuna kitu kinatembea. Wanakiita chi. Ukikiita pumzi hujakosea, ukikiita nguvu hujakosea, ila hujamaliza. Kinapita kwenye hii mistari, mwili mzima. Wana msemo wao: panapopita hapaumi, panapouma hapapiti. Kwa hiyo hawatibu pale panapolia tu. Wanafuata mstari."

Ebenezeri aliitazama picha kwa mara ya pili, na safari hii hakumwona mtu asiye na nguo. Aliona mistari inayoteremka, inayojigawa, inayozunguka magoti kama inazunguka vilima. Kwa nini hakuiona mwanzo? Miaka kumi na tisa watu walikuwa wanamjia wakilalamika, mzee wa mfongo, kwangu maji hayafiki, na mgeni yeyote angekimbilia kuchimba palepale kwenye kihamba kikavu. Yeye hakufanya hivyo hata mara moja. Alichukua jembe akapanda juu, akifuata mfereji, mpaka akute jani la mgomba lililoziba au jiwe lililoporomoka, wakati mwingine mwendo wa saa nzima kutoka kwa mwenye shida.

"Ahaa," akasema. "Kumbe huyu naye ni mzee wa mfongo. Muulize basi, banio liko wapi?"

Hajira alihangaika kulitafsiri hilo, ikabidi Ebenezeri aombe karatasi na kuchora mto, banio, mfereji na vihamba. Daktari Lin aliichukua karatasi, akaitazama sana, akaibandika ukutani karibu na yule mtu wa mistari.

Akawa anakwenda mara mbili kwa wiki. Alijifunza mambo ambayo alikuwa akiyaleta nyumbani kama mtu anayeleta nyama kutoka mnadani, na Kornelia aliyapokea akiwa na kisu mkononi.

"Wana vitu vitano," alimwambia. "Mti, moto, udongo, chuma, maji. Kimoja kinakilisha kingine, kingine kinakizuia kisizidi. Nimewaza, vyote viko kwenye mfongo. Maji, udongo, jembe la chuma, kigogo cha kuziba. Moto tu ndio haupo."

"Na mtori wa ndizi mnaokunywa siku ya kusafisha huwa unaiva kwa mwanga wa mwezi?" Kornelia akauliza.

Ebenezeri akakubali kwamba vyote vitano vipo.

Siku nyingine alibandikwa vikombe vya kioo mgongoni, vikavuta ngozi ikavimba kama maandazi. Hakushangaa sana, na Hajira alimwambia hata yeye hakushangaa alipoviona mara ya kwanza, kwa sababu bibi yake alikuwa akipiga watu chuku kwa pembe ya ng'ombe palepale Moshi mjini. Siku nyingine akaelezwa kuhusu yin na yang. Daktari Lin alisema kwamba zamani za kale maneno hayo yalihusu kilima kimoja: upande wa kivuli na upande wa jua. Asubuhi huku kuna jua, jioni kule. Hakuna upande ulio mbaya, ubaya ni mmoja kumeza mwingine. Bega lake, alisema, limekaa kivulini mno. Baridi na unyevu wa mwezi wa saba viliingia na havijatoka, kwa hiyo ale vya kupasha moto, anywe tangawizi, asioge maji ya baridi.

Ebenezeri akaona swali lake limefika wakati wake. "Mbege je, pombe yetu? Iko upande wa jua au wa kivuli?"

Daktari Lin akataka kujua imetengenezwa na nini. Ndizi mbivu, akaambiwa, na ulezi, na gome chungu la msesewa. Akahesabu kwa vidole. Ndizi ni baridi. Uchungu nao unapoza. Ulezi unapasha kidogo. Walijadiliana na Hajira, ambaye hajawahi kuionja maishani, kwa umakini wa mahakama.

"Anasema kikombe kimoja," Hajira akatangaza.

"Kikubwa?"

"Baba."

Na mazoezi akarudia. Daktari Lin alisema sindano inafungua njia, lakini matope ya kila siku anayazoa mwenye mfereji, na waliompa mazoezi hospitali walikuwa wamesema sawa kabisa. Kornelia akachukua chaki, na kila asubuhi mumewe alipotambaza vidole kwenye ukuta wa jiko, alichora mstari pale vilipofika. Wiki ya kwanza mistari ilikuwa kifuani. Wiki ya pili ikafika kwenye kidevu. Wiki ya tatu ikagusa pua, na usiku akalala bila kugeuzwa na maumivu.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la kumchekesha mtu yeyote anayeujua mfongo. Maji ya kwanza, baada ya kusafisha, hayafunguliwi yote. Unafungua kidogo, kingo zinywe, udongo ushikane, kesho unaongeza. Ukifungua yote siku moja, kingo zinavunjika na maji yanaishia kwenye maharage ya jirani. Ebenezeri mwenyewe aliwahi kuwakemea watu kwa hilo, tena kwa ukali. Lakini Jumamosi ile aliamka bega likiwa jepesi, akachukua panga, akaingia kihambani, akakata migomba tisa iliyokwisha kuzaa na kuipasua yote kwa ajili ya ng'ombe.

Jumapili asubuhi vidole vyake vilifika kifuani.

Kornelia alisimama na chaki yake bila kuchora. "Maji ya kwanza," alisema.

"Najua."

"Hayafunguliwi yote."

"Mama Gidioni, nimesema najua."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu. Siku hiyo hakwenda kwenye mnada, asije akapewa pole. Jumanne alijieleza kwa Daktari Lin kwa kuchora tena: mfereji, kingo zilizovunjika, maharage ya jirani. Daktari hakucheka. Alisema kitu kirefu, na Hajira akakiweka hivi: "Anasema kwa siku kumi na moja hawezi kukuahidi mkono ufike juu. Utapungua maumivu, utasogea. Lakini anauliza, una kilima chenye pande mbili, mbona unaongea habari za upande mmoja tu?"

Ebenezeri aliutazama mkono wake wa kushoto uliokuwa umelala pajani, mzima kabisa, haujaulizwa kitu miezi sita.

Siku ya mfongo kulipambazuka kweupe, mlima wote uko wazi mpaka kileleni. Watu walipanda na majembe, makoleo na sufuria za mtori. Hajira na Daktari Lin walikuwapo, wamealikwa, daktari amevaa mabuti ya mpira aliyoazimwa na Kornelia, makubwa kwake kama ndoo. Kwenye banio watu wakazunguka. Eliakim alisimama mbele, ameshika mikono nyuma kama bwana harusi anayesubiri kuitwa.

Ebenezeri akashika jembe. Maisha yake yote mkono wa kulia ulikuwa juu ya mpini, ndio unaobeba. Safari hii akapeleka wa kushoto juu na wa kulia chini, kama alivyokuwa akijizoeza nyuma ya banda la ng'ombe siku kumi na moja huku ng'ombe akimshangaa. Akavuta pumzi. Wa kushoto ukabeba, wa kulia ukasindikiza mpaka sikioni na kuishia hapo, na jembe likapita juu ya kofia yake, likashuka kwenye tope kwa mlio wa chwap.

Watu wakamgeukia Eliakim.

"Limepita kwa kushoto," Eliakim akasema.

"Limepita juu ya kichwa au halijapita?" Kornelia akamuuliza kaka yake.

"Limepita. Ila kwa kushoto."

"Mila inasema kichwa," akasema mama mmoja mzee kutoka nyuma. "Haijasema mkono. Eliakim, shika koleo tuanze, jua linapanda."

Watu wakacheka, makoleo yakaingia kazini, na kiti kikabaki kilipokuwa. Kufika saa nane mfereji ulikuwa safi. Ebenezeri akafungua banio kwa upana wa kiganja kimoja. Maji yakaingia kwa aibu, yakilamba vumbi, na Daktari Lin akatembea pembeni yake na mabuti yake makubwa, akiyafuata kama mtoto anayefuata matarumbeta.

"Ongeza, shemeji," Eliakim akapiga kelele kutoka chini. "Kwangu hayatafika leo."

"Hayatafika leo," Ebenezeri akajibu. "Yatafika kesho."

Walipokuwa wanakunywa mtori, Eliakim alikuja akakaa karibu naye.  Akapuliza bakuli lake. Kisha akageuka, mwili mzima, mabega na kiuno pamoja, kama alivyokuwa akigeuka tangu Krismasi.

"Ile namba ya simu ya Hajira," akasema taratibu. "Kuna rafiki yangu mmoja ana shingo."

"Rafiki yako."

"Humjui. Anakaa Masama."

Ebenezeri alitoa simu kwa mkono wa kulia, akaitafuta namba bila haraka, akamsomea tarakimu moja moja mpaka mwisho.

"Lakini huyo rafiki yako," akasema, "mwambie asipitie Bomang'ombe kula zambarau."